Fundi wa maji angani: je, lazima shujaa awe na nguvu za ajabu?

"Shikamoo Mwalimu. Naandika riwaya yangu ya kwanza ya bunilizi ya kisayansi. Mhusika mkuu ni mwanamke wa makamo, fundi wa mitambo ya kusafisha maji katika makazi ya watu elfu kadhaa yanayoelea angani. Hana kipaji cha pekee, anaijua kazi yake tu. Katikati ya hadithi anagundua kwamba viongozi wanawaficha watu jambo fulani kuhusu maji wanayokunywa. Nimewapa marafiki wawili mswada wausome. Wa kwanza anasema hakuna atakayevumilia kurasa mia tatu za fundi bomba. Anataka nimpe uwezo wa kusoma mawazo, au basi ifichuke mwishoni kwamba ni binti wa mwasisi wa makazi. Wa pili anasema mashujaa wenye nguvu za ajabu ni mambo ya kitoto, bunilizi iliyokomaa humhusu mtu wa kawaida. Sura ya kwanza nimeiandika upya mara nyingi mno, hata siioni tena. Je, shujaa wa hadithi za aina hii awe mtu wa kawaida au kiumbe wa pekee? Na mwishoni, afe au asife?"

Marahaba, ndugu mwandishi. Nimeusoma ujumbe wako na nadhani nadharia ya ushujaa siyo inayokunyima usingizi. Unaogopa kwamba mama huyu hatoshi. Unaogopa pia kwamba ukimwongezea nguvu utachekwa na wale ambao ungependa wakuheshimu. Marafiki zako wamekujibu kwa kukueleza wanachopenda kusoma wao, na ni haki yao, ila hakuna hata mmoja aliyekuambia ni ukurasa gani aliposinzia. Hiyo ndiyo habari ambayo ungeweza kuifanyia kazi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome kwa wasiwasi: mwache fundi wako awe fundi. Lakini usimwache kwa sababu aliyoitoa rafiki yako wa pili, maana naye amepotoka kama wa kwanza, ila yeye amepotoka kwa sauti ya kisomi.

Tuanze na huyo. Anadhani hadithi hizi zilizaliwa zikiwa na mashujaa wa kupaa angani, kisha zikakua, zikapata akili, zikawageukia watu wa kawaida. Historia haikwenda hivyo. Mwaka 1818 Mary Shelley alichapisha Frankenstein, na wawili wanaoibeba riwaya ile wote si watu wa kawaida: mwanafunzi mwenye akili ya kupindukia, na kiumbe wa futi nane ambaye mwanafunzi huyo alimuunga kwa vipande vya maiti, kiumbe aliyejifunza lugha kwa kuichungulia familia maskini kupitia ufa wa ukuta. Miaka 80 baadaye, 1898, H. G. Wells akatoa The War of the Worlds kama kitabu. Msimulizi wake hana hata jina. Anaishi kwa kalamu, anakimbia, anajificha, anashinda na njaa, wala hachangii lolote katika kushindwa kwa wavamizi waliotoka Mirihi. Wanauawa na bakteria. Vitabu vyote viwili vinasomwa hadi leo, na ningependa rafiki yako aniambie kipi kati ya hivyo ni cha kitoto. Njia zote mbili zilifunguliwa mapema. Anayesema moja ni ya waliokomaa na nyingine ni ya watoto anaielezea rafu yake ya vitabu, haielezei fasihi.

Kosa jingine wanalo wote wawili, ingawa wanadhani wanapingana. Wa kwanza anaamini msomaji anataka kujiona akiwa mkubwa kuliko alivyo. Wa pili anaamini msomaji anataka kujiona jinsi alivyo. Kwa wote wawili, kitabu ni kioo. Sasa nikuulize: nani kati yetu ameungwa kwa vipande vya maiti? Hakuna. Lakini kiumbe wa Shelley anapomwomba aliyemuumba ampe mwenzi wa kuishi naye, na mwenzi huyo akaanza kuumbwa kisha akararuliwa mbele ya macho yake, hatuhitaji kufanana naye ili kumwelewa. Anataka kitu, ananyimwa. Msomaji huingia kwa mlango huo. Ukishaufungua, aliye ndani anaweza kuwa karani, jitu, roboti au wingu la gesi.

Na sisi tuliorithi Utendi wa Fumo Liyongo tusingehitaji kufundishwa hili na mtu. Liyongo si wa kawaida hata kidogo. Ana kimo na nguvu za kutisha, gereza halimzuii, na silaha haimwangushi isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Lakini siri ile adui hakuipata kwa ushushushu. Aliipata kwa kumtuma mtoto wa Liyongo mwenyewe, na baba akamwambia mwanawe. Tangu hapo Liyongo ni mzazi kama mzazi mwingine yeyote. Nitamrudia baadaye kidogo, kwa sababu sindano ile inafundisha jambo la kiufundi ambalo waandishi wengi wa siku hizi hawajalishika.

Mtu anayefungua riwaya kama yako anapewa kazi mbili kwa mpigo. Anajifunza dunia mpya: hewa inatoka wapi, chini ni upande gani, nani anatawala, watu wanaogopa nini. Wakati huohuo anamjifunza mtu mpya. Uvumilivu wake una kikomo. Dunia ikiwa ngeni kabisa na mtu akawa mgeni kabisa, msomaji hana pa kukanyaga. Hajui la kushangaa, kwa kuwa hajaonyeshwa kipi hapo ni cha kawaida. C. S. Lewis, ambaye mwenyewe aliandika riwaya za safari za sayari nyingine, alishika msimamo kwamba kadiri mandhari na matukio yanavyozidi kuwa ya ajabu ndivyo wahusika wanavyotakiwa kuwa wa kawaida zaidi. Mmoja wa mifano yake ni Gulliver. Watu wa inchi sita wanashangaza kwa sababu anayewatazama ni daktari wa melini asiye na mbwembwe, mtu ambaye macho yake tunayaamini kama kipimo. Angekuwa mchawi, au mtu wa inchi kumi, tungebaki tunahesabu.

Watu huuchukua ushauri huo wa Lewis na kuufanya amri. Mimi nausoma kinyumenyume pia: kama ajabu ya hadithi ni mtu mwenyewe, basi dunia ndiyo inayopaswa kutulia. Daniel Keyes aliandika Flowers for Algernon kwanza kama hadithi fupi mwaka 1959, kisha riwaya mwaka 1966. Charlie Gordon ana ulemavu wa akili, anafanya kazi za chini kwenye kiwanda cha mikate, anapasuliwa ubongo na akili inapanda hadi anawapita madaktari waliompasua, halafu inaanza kushuka. Huyo ni kiumbe wa pekee kuliko wote niliowataja. Lakini mji anaoishi ni mji tu, mikate ni mikate tu, na hadithi yote ipo katika ripoti anazoziandika kwa mkono wake, hata makosa ya tahajia yanapungua kisha yanarudi. Keyes hakuhitaji chombo cha angani. Angekiweka, tusingeyaona yale makosa ya tahajia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza shujaa awe nani, uliza ajabu ya hadithi yako imekaa wapi. Yako imekaa kwenye makazi: watu elfu kadhaa ndani ya kopo, wanakunywa maji yaleyale tena na tena miaka nenda rudi. Hapo unahitaji jicho tulivu. Ungekuwa unaandika habari za mtu aliyeamka asubuhi akijua lugha zote duniani, ningekushauri vingine kabisa.

Jambo la pili ni taharuki. Taharuki ni pengo lililopo kati ya anachokiweza mhusika na kinachomkabili. Pengo likizibika hadithi imekufa, hata kama kurasa zinaendelea. Mwandishi wa shujaa mwenye nguvu nyingi hujikuta anafanya kazi ya ajabu: asubuhi anampa uwezo, jioni anatafuta namna ya kumnyang'anya. Superman alitokea katika kurasa za katuni mwaka 1938. Mwaka 1943, katika mchezo wake wa redio, ikaletwa kriptonaiti, jiwe la kumdhoofisha, na jiwe hilo likawa rafiki mkubwa wa kila mwandishi aliyeishiwa mbinu. Halimhusu moyoni. Linaokotwa, linamlegeza, linaondolewa, anasimama. Sasa ilinganishe na sindano ya shaba. Kwa nje vitu hivi viwili ni ndugu: jitu lisiloshindika na madini moja yanayoliweza. Lakini sindano haina maana mpaka Liyongo amwamini mtu. Udhaifu wake umefungwa kwenye upendo wake, na ndiyo maana utenzi ule unauma mpaka leo. Ukitaka siku moja kuandika shujaa mwenye nguvu, hapo ndipo pa kujifunzia. Usitafute jiwe. Tafuta nani anajua siri na kwa nini aliambiwa.

Tulete hayo kwenye mapendekezo ya rafiki yako wa kwanza. Kusoma mawazo kungeiua riwaya yako. Mgogoro wako wote ni siri ya viongozi. Mama anayesoma mawazo ataipata siri hiyo siku ya kwanza atakapokutana na kiongozi ukumbini, na kuanzia hapo utalazimika kubuni viongozi wenye kofia za chuma, au siku ambazo kipaji chake kimegoma, au kiongozi mmoja ambaye mawazo yake hayasomeki. Nimehariri miswada ya namna hiyo. Inachosha kuandika, na inachosha zaidi kusoma.

Lakini nadhani rafiki yako alihisi upungufu wa kweli, akaupa dawa isiyo yake. Alitaka fundi awajue watu kwa namna ambayo wengine hawawezi. Na uwezo huo tayari anao! Wewe tu hujauandika.

Fikiria kazi yenyewe. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, mkojo, jasho na mvuke wa pumzi hurudishwa kuwa maji ya kunywa. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba mitambo yake imefikia kurejesha asilimia 98 ya maji hayo. Safari ya kufika huko haikuwa nyepesi. Mwaka 2009 mtambo wa kuchakata mkojo, ambao hukeneka maji ili kuyatenga na uchafu, uliziba. Ulizibwa na nini? Mashapo ya kalsiamu salfeti. Mwili unaoishi pasipo uzito hupoteza madini ya mifupa, na kalsiamu hiyo hutoka na mkojo, ikawa nyingi kuliko waliyoitarajia wahandisi waliojaribia mtambo duniani. Mifupa ya wanaanga ndiyo iliyokuwa ikiganda kwenye mabomba. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatembea kidogo, kwa sababu ni ajabu kuliko nyingi zinazobuniwa, na wa kwanza kukutana nayo ni mtu anayeshughulika na chujio lililoziba.

Sasa mweke fundi wako hapo. Makazi yako yakiwa yanazunguka ili kuleta uzito, siku kalsiamu itakapoanza kupanda kwenye machujio yake atajua kwamba mzunguko umepungua, pengine kabla nahodha hajakubali kuusema. Na si mifupa tu. Dawa wanazomeza watu hupita majini. Magonjwa pia. Mwaka 2022 virusi vya polio vilikutwa katika majitaka ya London bila mgonjwa hata mmoja wa kupooza kuripotiwa mjini humo. Wakati wa korona nchi nyingi zilipima majitaka ili kujua maambukizi yanapanda au yanashuka. Anayesimama kwenye mfereji wa mwisho wa watu elfu kadhaa anajua mengi kuliko kasisi. Anajua mtaa upi umeanza kunywa dawa za usingizi. Anajua watu wamepunguza kula. Pengine anajua kitu kuhusu jirani yake ambacho jirani mwenyewe hajakijua, na hapo una swali la maadili la kutosha sura tatu: amwambie?

Huyo anawasoma watu, ndugu yangu. Na kwa kuwa anawasoma kupitia kazi, kila anachokijua kinaweza kukosewa, kupingwa, kufutwa kwenye daftari la vipimo usiku na mtu mwenye ufunguo. Mawazo yaliyosomwa hayabishiwi. Kipimo cha maji hubishiwa.

Pendekezo la pili, la kumfanya binti wa mwasisi, nalipinga kwa nguvu zaidi. Najua linatoka wapi. Filamu ya kwanza ya Star Wars, mwaka 1977, ilikuwa na kijana wa shambani. Mwaka 1980 ikafichuka kwamba adui mkubwa ndiye baba yake, na watu wakapigwa na butwaa. Waandishi wengi waliojaribu kuiga waliichukua nasaba wakaiacha sumu yake. Ufichuzi ule ulifanya kazi kwa sababu ulimharibia kijana kila kitu: aliyemchukia ni damu yake. Haikuwa zawadi. Katika mswada wako nasaba itakuwa zawadi. Mama amefanya kazi miaka yote, amegundua jambo kwa jicho lake, amepinga wakubwa kwa ushahidi wake, halafu ukurasa wa mwisho unatuambia kumbe haki ya kusema alizaliwa nayo. Utakuwa umemwambia msomaji kwamba fundi wa kawaida asingesikilizwa, na kwamba ni sawa. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Katika riwaya hii nakuomba ugeuze mizani.

Nisije nikaonekana nawatetea wanyonge kwa mazoea. Wapo watu wa pekee ambao hadithi haiwezi kusimama bila wao, na nisingependa urithi dharau ya rafiki yako wa pili. Ukitaka kuichunguza nguvu yenyewe, nini kinampata mtu anayefuatwa na mamilioni, huna budi kumwandika huyo mtu. Frank Herbert alimpa Paul Atreides, mhusika wake mkuu, kila kipaji katika riwaya ya Dune, 1965, na wasomaji wengi wakamshangilia. Katika kitabu kilichofuata, 1969, Paul mwenyewe anahesabu waliokufa katika vita vilivyopiganwa kwa jina lake na kufika bilioni 61. Herbert alieleza zaidi ya mara moja kwamba alitaka kuonya kuhusu viongozi wanaoabudiwa. Onyo hilo lisingewezekana kwa mhusika wa kawaida. Ilibidi kwanza tupende kumfuata. Octavia Butler alipita njia nyingine. Katika Parable of the Sower, 1993, Lauren Olamina anahisi mwilini maumivu anayoyaona kwa wengine. Ni kipaji, na katika nchi inayosambaratika kwa jeuri ni kilema cha hatari: kila anapompiga adui anajipiga mwenyewe. Kipaji chenye gharama ya namna hiyo hakizibi pengo la taharuki, kinalipanua. Ungenishawishi kumpa fundi wako kitu cha aina hiyo, kama ungekuwa na sababu zaidi ya hofu.

Na kuna raha tu. Mtu aliyechoka na siku yake anapofungua kitabu ili aruke juu ya mawingu hajafanya jambo la kitoto. Anayemcheka huenda hakumbuki kwa nini alianza kusoma.

Ipo pia njia ya katikati ambayo Jules Verne aliijua vizuri. Nahodha Nemo, katika riwaya ya manowari iliyotoka kama kitabu kuanzia 1869, ni mtu wa pekee kwa kila kipimo, lakini hatusimuliwi na Nemo. Tunasimuliwa na profesa Aronnax, mateka mwenye adabu anayependa kuorodhesha samaki. Unaweza kumweka kiumbe wa ajabu kando ya fundi wako. Nakuonya tu kwamba wahusika wa namna hiyo ni wezi. Ukimpa sura mbili atachukua kitabu.

Sasa tufike panaponitia wasiwasi. Sijauona mswada wako, kwa hiyo naenda kwa sentensi moja uliyoiandika mwenyewe: "Hana kipaji cha pekee, anaijua kazi yake tu." Neno "tu" hilo linanitisha. Waandishi wengi wakiamua kumwandika mtu wa kawaida humwandika kwa kutoa: hana nguvu, hana jina, hana makuu, hana hasira, hana tamaa. Wanabaki na mtu aliyefutwa, kisha msomaji akipiga miayo wanadhani kosa ni ukawaida. Kosa ni utupu. Jaribu hivi: mwondoe mama huyu, weka zamu nyingine ya mafundi mahali pake. Je, hadithi inakwenda vilevile? Kama inakwenda vilevile, basi hujamkosea kwa kutompa nguvu, umemkosea kwa kutompa nafsi. Wa kawaida naye ni mmoja tu duniani. Ana mtu asiyezungumza naye tangu zamani. Ana jambo alilowahi kulifumbia macho kazini kwa sababu ya kulinda nafasi yake, na labda ndilo hilohilo linalorudi. Anapenda pampu fulani kuliko nyingine bila sababu ya kisayansi.

Tazama filamu ya Alien ya mwaka 1979. Wale si makamanda wa vita. Ni wafanyakazi wa chombo cha kukokota mizigo, na kati ya mambo ya kwanza wanayobishania ni mgawo wa bonasi. Ripley ni ofisa mmojawapo, wala mwanzoni hujui kwamba ndiye wa kumtazama. Tendo lake la kwanza kubwa ni kukataa kufungua mlango: mwenzao amerudi na kitu kimemng'ang'ania usoni, kapteni anaamuru waingizwe, naye anajibu kwamba kanuni za karantini haziruhusu. Kanuni! Mlango unafunguliwa na mwingine, na karibu kila kifo kinachofuata kinatokana na hapo. Hana misuli ya ajabu wala unabii. Anaijua kazi yake, na anaikazania pale ambapo kila mwenye moyo laini angelegeza. Ukiandika "anaijua kazi yake" kwa uzito huo, hutahitaji "tu".

Kuna faida nyingine ya mtu wa kawaida ambayo mgogoro wako unaililia. Mtu wa pekee akisema jambo, huaminiwa au huogopwa. Fundi akisema viongozi wanadanganya, ataulizwa yeye ni nani. Kupata ukweli ni nusu ya kitabu. Nusu nyingine ni kuufanya ukweli huo usikike ukitoka kwenye kinywa kisicho na cheo. Nani ataweka sahihi pamoja naye? Nani atakubali kupima upya? Nani atamsaliti kwa nia njema kabisa, akitaka kuzuia vurugu? Angalizo tu: msimulizi wa Wells aliweza kuwa mtazamaji kwa sababu kitabu kile si kirefu na wavamizi walikuwa wakitembea barabarani. Kurasa mia tatu za kutazama mabomba hutaziweza. Kila baada ya sura chache mama huyu afanye uamuzi usiorudishika nyuma, hata uwe mdogo kama kuificha chupa moja ya sampuli mfukoni.

Kuna pia msaada ambao utaupata kwa watu ana kwa ana tu. Barua yangu haiwezi kukuonyesha sentensi inayolala, na wewe umeshaandika upya sura ya kwanza hadi huioni. Hiyo ni dalili ya kuiacha. Usiiguse tena mpaka rasimu nzima ifike mwisho, hata ikiwa mbovu. Ukimaliza, tafuta watu watatu wasio marafiki wa karibu, na usiwaulize kama wameipenda. Waombe waweke alama ya penseli kila walipotaka kukiweka kitabu chini. Alama zikikusanyika mahali pamoja, mpelekee mhariri kurasa hizo na mkae meza moja, kwa sababu mambo hayo huonekana zaidi mtu anaposoma kwa sauti na wewe ukimtazama uso. Kabla ya hayo yote, nenda ukashinde siku kadhaa na fundi halisi wa mitambo ya maji, popote ulipo. Muulize analalamikia nini, anajivunia nini, harufu ipi humwambia kuna tatizo. Hakuna mhariri anayeweza kukupa hivyo. Na kama ukigundua kwamba huandiki kabisa kwa miezi, kwamba kila ukikaa mezani moyo unakwenda mbio na usingizi umepotea, hilo limevuka mipaka ya riwaya. Zungumza na mshauri nasaha au daktari.

Umeuliza pia kama afe au asife. Usiamue sasa, na usimuue ili apate uzito ambao hukumpa akiwa hai. Wasomaji huinusa hila hiyo. Fika mwisho wa rasimu, kisha hesabu ni nani mwingine kwenye makazi yale anayeweza kuurekebisha mtambo. Kama yupo mwanafunzi uliyemwonyesha akijifunza tangu sura za mwanzo, una uhuru wa kuchagua. Kama hakuna, basi mama huyu hawezi kufa, kwa sababu watu elfu kadhaa watamfuata kwa kiu ndani ya wiki mbili, na itakubidi uandike kitabu hicho badala ya hiki.